Lilian Ameimba Wimbo wa Msiba Kwenye Mazoezi

Ouko upo? Nimeaibika leo.

Si unajua ile semina ya maigizo ambayo mwenyekiti ameileta ofisi ya kijiji? Nimempelekea binti yangu Lilian chakula, nakuta watu wazima wanagaagaa sakafuni kama ng'ombe wagonjwa. Mwalimu akasema, "Kila mtu aimbe wimbo wa kwao huku anakimbia."

Mwanangu akaimba ule tulioimba tukimzika mama yake. Ule ule wa mke wangu Veronika! Kwetu hauimbwi kama hakuna maiti, unaita kifo kingine. Na wenzake wakaudaka, wanaimba wanaruka!

Nikapiga kelele, "Lilian, toka! Unataka nani afe?" Mwenyekiti amekaa tu anapiga makofi. Hao ndio viongozi wetu.

Lilian hakutoka. Akanijibu mbele ya watu wote, jasho linamtiririka: "Baba, siku ya mazishi ulinikataza kulia kwa sababu viongozi walikuwa wamekaa mbele. Acha nimalize."

Acha nimalize! Ananiambia mimi, baba yake!

Nimeacha chakula mlangoni nikaondoka. Ouko, wewe ulikuwepo mazishini. Kweli nilimkataza?