Mjane wa Paris Aliyebahatika

Mdogo wangu msomi,

Kifurushi chako cha riwaya na tawasifu za Kifaransa kimefika. Kurasa arobaini mtu anavua glovu! Unamlilia malkia aliyekatwa kichwa karne mbili zilizopita, na mama yako aliyepofuka humpigii hata simu.

Namsomea mimi. Nikiruka maelezo ya magauni ananikemea, "Wewe, rudi nyuma!" Ananogewa. Nami nimenogewa, usinicheke.

Jana tulimaliza ile ya mjane wa Paris. Kitabuni, bintiye anafika baada ya mazishi ya mama yake. Nilidanganya, nikasoma kwamba alimkuta hai.

"Mwenzangu ana bahati," mama akasema.

Daktari anampa wiki mbili. Weka kitabu chini, upande ndege. Sidanganyi tena kwa ajili yako.

Kaka yako