Barua ya Chifu ya Paka Wangu

Jumanne, baada ya chakula cha jioni

Eti barua ya daktari haina mhuri! Daktari ameeleza vizuri kabisa kwamba nina ugonjwa wa wasiwasi, kwamba moyo hunienda mbio hadi nashindwa kupumua, na kwamba nikimshika paka wangu Githeri ninatulia, kwa hiyo niruhusiwe kukaa naye hosteli. Bwana wa ofisi ya hosteli akanirudishia bila hata kuisoma.

Kosa langu ni kumlalamikia mama kwa simu. Mama akiambiwa karatasi hazijatosha, anajua mahali pamoja tu pa kwenda: kwa chifu wa kwetu Kenya.

Leo asubuhi nimetumiwa picha ya barua kwa WhatsApp. Chifu anathibitisha kwamba anamfahamu Githeri tangu utotoni, ni mkazi wa lokesheni yake, ana tabia njema na hajawahi kushtakiwa kwa kosa lolote. Githeri! Niliyemwokota nyuma ya duka hapa Abu Hamour, huku ughaibuni! Hajui Kenya iko upande gani.

Nikaichapisha na kuipeleka, nusu kwa mzaha, nusu kwa hasira. Yule bwana akaitazama mihuri yake miwili ya zambarau, akatabasamu mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mashallah, sister. Hii sasa ndiyo barua."

Nimecheka hadi mbavu zikauma. Kisha nikasoma fomu ya maombi aliyonijazia.

Paka: amekubaliwa.

Ugonjwa wa mwanafunzi: unasubiri mhuri.

Githeri amelala juu ya fomu hiyo, mkazi halali. Mimi hata sijui kama ni mgonjwa halali.