Kutafuta munganga wa mawazo asiyenijua

Jumanne. Mvua tangu asubuhi, matope mpaka ndani ya roho.

Nimechoka. Mimi niliyeleta malori kutoka Mombasa, niliyelala Kampala na Dar, ninayejua bei ya bia kwenye mipaka minne, leo nimechokeshwa na kiti kimoja cha plastiki.

Tangu Déo, rafiki yangu wa barabara, aanguke na lori lake kwenye muteremuko wa kwenda Uvira na kufa, siwezi kushika usukani. Miezi minne sasa. Mikono inatetemeka kama ya mulevi, na mulevi angalau amekunywa. Jumapili nilimufokea binti yangu Nsimire kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Akajikojolea palepale.

Ana miaka tisa.

Basi nikaamua kutafuta psychologue, yaani munganga wa mawazo. Wa kwanza hapa Bukavu anapokea tu watu walio kwenye liste, ile orodha ya mradi anaofanyia kazi, na mimi siko kwenye liste. Wa pili mulango wake unatazamana na parking ya malori. Niingie pale mbele ya madereva wote? Kabla ya saa sita wangekuwa wameshanipa jina. Nikasikia kuna mwingine Walungu, mwanamke, wanamusifu sana. Nikasema safi, kule hakuna anayenijua.

Nikapanda nyuma ya pikipiki, mimi dereva muzima, kama furushi la majani ya sombe.

Mulango ukafunguliwa. Alikuwa Mama Valentine, mudogo wa mama mukwe wangu.

Miaka kumi na mbili nimeoa kwao, na kuhusu kazi yake nilijua tu kwamba "iko mu bureau", yaani ofisini. Ningemuuliza wapi? Kwetu mama mukwe, na mudogo wake vilevile, humuangalii usoni, hukai naye karibu, muna salamu tu na njia yako. Nimekuwa na adabu nyingi mpaka nikajipeleka mwenyewe mikononi mwake.

Tukasalimiana dakika kumi. Ng'ombe, migomba, mvua. Nikasema nilikuwa ninapita tu, naangalia pneu, tairi za lori. Halafu nikaanza kujisifu. Nikamwelezea bandari ya Dar kama vile niliijenga mimi.

Akanisikiliza mpaka maneno yakaniishia. Akainuka, akageuza kiti chake cha plastiki, akakaa akitazama dirisha, mugongo kwangu.

"Bwana mukwe," akasema, "sasa hunioni, na mimi sikuoni. Heshima iko. Sema ile ilikuleta."

Kuambia mugongo, kumbe ni rahisi. Nikasema siku ile mimi ndiye niliyepaswa kutangulia. Nilimwambia Déo aende mbele kwa sababu nilitaka kumaliza brochette zangu, mishikaki ya mbuzi.

Brochette tatu.

Nililia, na hili tumbo langu lote likitikisika. Hakugeuka hata mara moja.

"Siwezi kuendelea na wewe, tuko famille," akasema mwishoni. "Lakini mwenzangu mumoja, mwanaume, anapokea Bukavu kila Alhamisi. Nitakuombea rendez-vous, akupokee saa tatu. Na ile umesema inabaki hapa. Hata dada yangu hataisikia."

Nimerudi nimelowa chapachapa. Muke wangu akaniuliza nilikuwa wapi. Ile habari ya pneu ilikuwa tayari mudomoni, lakini nilikosa hata nguvu ya kudanganya. Nikamwambia: Walungu, kwa munganga wa mawazo.

"Mungu asifiwe," akasema. "Mimi nilijua uko na bibi mwingine."

"Na hali hii? Nani angenipokea?"

"Ndiyo, nami nilikuwa najiuliza."

Tulicheka. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka lini.

Alhamisi ni keshokutwa. Najijua. Nitatafuta musiba wa jirani, mugeni kutoka Kalehe, maumivu ya jino, chochote cha kunizuia. Ndiyo sababu nimeandika yote hapa wazi, ninyi munaonijua musome. Mukinikuta saa tatu nimekaa mahali pengine, munifukuze niende.