Kabari Chini ya Randa

Jumatano, 9 Oktoba

Mwaka wa arobaini na moja tangu tutoke kwetu. Wa kwanza ninaouhesabu peke yangu. Hesabu hii ilikuwa ya mdogo wangu. Mimi nilikuwa namsahihisha tu.

Leo mpwa wangu amenipa ufunguo wa karakana ya mama yake, yule mdogo wangu. Amesema: Mjomba, Mama aliacha neno kwamba bei ya mashine utaisema wewe. Nikamjibu kwamba mimi ni mkalimani mstaafu. Majina ya vitu nayajua, bei zake sizijui. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tuzike. Basi anza na majina, akasema.

Majina, basi. Randa ya umeme, ile kubwa, ya kulainisha mbao. Msumeno wa mkanda. Kerezo, ambalo mpwa huliita "ile ya kuzungusha miguu ya meza". Tatu tu. Patasi, tupa na nyundo atazichukua yeye.

Mwenye jengo anataka chumba kiwe kitupu mwisho wa mwezi. Mpwa hana pa kuziweka. Anakaa ghorofani, na ngazi zake hata kabati hupanda kwa matusi. Mimi nina chumba kimoja, na kimejaa vitabu.

Lakini mashine hizi hazikununuliwa ziuzwe. Zilikuwa za kurudi nazo kwetu. Mdogo wangu alizipata moja moja, zimeshatumika na watu, akazifufua kwa mikono yake, ili siku ya kurudi tufungue karakana kwenye kiwanja cha baba, kando ya barabara. Yeye na mbao zake, mimi na wateja. Kila mwaka tulisema mwakani. Mwakani ni neno tamu — halina tarehe.

Nikisema bei, nimesema haturudi. Mpwa analijua hilo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Asubuhi nzima karakanani, bila kufanya chochote. Maranda bado yako sakafuni, yamejikunja vilevile alivyoyaacha. Aproni iko msumarini. Mfukoni penseli, imechongwa kwa patasi.

Nilipiga magoti nitazame chini ya randa. (Kuinuka ilikuwa kesi nyingine.) Nilikuwa nimesahau: haijafungwa sakafuni. Wala msumeno, wala kerezo. Kila mguu umekaa juu ya kipande cha mbao, na chini ya mbao kabari. Kabla ya kuwasha alikuwa anazunguka na nyundo ya mti, anazigonga moja baada ya nyingine, sikio limeinama kama daktari.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hatii boliti kama mafundi wenzake. Akasema mgeni hatoboi sakafu ya watu. Nikamwambia methali haiko hivyo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akasema, "Jembe nimeshika, kaka. Sakafu ni yao."

Jumamosi, 12 Oktoba

Mpwa ameleta dalali wa mashine. Viatu vinang'aa, hataki vikanyage maranda. Aliingia na pole zake, pole, poleni sana, macho yameshafika kwenye mota.

Akawasha randa. Akatoa sarafu, akaisimamisha kwa ukingo juu ya meza ya chuma. Mashine nzima, alisema, hata ingurume vipi, sarafu husimama. Ya kwetu ilianguka. Akaisimamisha tena. Ikaanguka tena, ikabiringika mpaka chini ya msumeno, na hakuifuata. Viatu.

"Hii inacheza ngoma. Beringi zimekwisha."

Kisha akachungulia chini. "Kumbe haijafungwa. Miaka yote hiyo? Fundi gani huyu?"

"Mama yangu," mpwa akasema.

Dalali akakohoa. Akasema apumzike kwa amani, lakini mashine isiyofungwa hujitafuna yenyewe. Zote tatu atazichukua kwa bei ya chuma chakavu, kwa kilo. Mizani ataleta mwenyewe. "Mzee, unasemaje?"

Nilifungua mdomo. Maisha yangu yote nimesema maneno ya watu wengine, kwa lugha mbili, mbele ya mahakimu na madaktari, bila kigugumizi. Langu moja halikutoka. Mpwa ndiye aliyemwambia tutamjibu.

Njiani akanishika mkono tuvuke barabara. "Mjomba, ungesema hata hapana."

Kweli. Na hapana ni neno fupi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepiga simu kwa watu wa mizigo. Kujaribu tu. Binti aliyepokea alikuwa na adabu na haraka. Kusafirisha mashine tatu inawezekana, mzee, kila kitu kinawezekana. Anwani ya huko? Nikataja barabara. Na mpokeaji ni nani?

Nilitaka kusema mimi. Lakini mimi niko huku, nimeshika simu.

Akarudia: jina la mtu atakayepokea. Niliwapitia wote kichwani, mmoja mmoja, kwa nyuso walizokuwa nazo tulipoondoka. Nikamwambia nitapiga tena.

Jumatano, 16 Oktoba

Fundi wa milango ameingia bila kubisha. Ni jirani wa ukuta kwa ukuta na karakana, mwenyeji wa hapa. Mwanamke mpana wa mabega, sauti yake imezoea kushindana na misumeno. Amesikia habari za dalali.

"Kwa kilo? Kwani hizi ni viazi?"

Kumbe ndiye anayechukua chumba hiki mwezi ujao. Atavunja ukuta wa kati, karakana mbili ziwe moja. Anazitaka mashine zote, palepale zilipo. Aligonga ukuta kwa ngumi. "Miaka yote nasikia randa yake inarukaruka huku, nikadhani jirani anapenda muziki. Na mimi nilikuwa nacheza, mzee. Usinione hivi."

Mpwa alicheka mpaka akafuta macho. Aliendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha.

Fundi wa milango anasema sarafu ya dalali si shahidi. Mashine iliyokaa juu ya kabari itaangusha sarafu hata ikiwa na beringi mpya. "Tuifunge kwanza, ndipo tuiulize." Randa ikifungwa na sarafu ikasimama, atalipa zote tatu bei ya mashine nzima. Isiposimama, basi dalali alisema kweli, na mizani yake ije.

Mpwa alinivuta pembeni. Alisema hashughuliki sana na kiasi cha pesa. "Mjomba, mimi sitaki kazi ya Mama ipimwe kwa kilo. Basi."

Fundi alisikia, akajifanya anatazama dari. Kisha akasema nisije kumlaumu baadaye: boliti zake humwagiwa saruji, na zikishika hazing'oki. Atakayetaka kuihamisha randa hiyo atalazimika kuikata miguu. "Kwa hiyo uniambie wewe, mzee. Sifungi cha mtu bila ruhusa."

Nikaomba mpaka Ijumaa. Alinielewa vizuri, nadhani. Hakunitania tena.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimetafuta kamusi. Ilikuwa kwenye boksi la chini, kama kawaida. Nimeinua mengine matano. Rafu sijawahi kununua.

Kabari: kipande cha mti au chuma cha kupasulia gogo. Pia: cha kuzuia kitu kisitikisike.

Nimeirudisha boksini.

Ijumaa, 18 Oktoba

Ninaandika nimekaa karibu na kerezo, ubao juu ya mapaja. Saruji bado mbichi. Ni ile ya kukauka haraka, lakini fundi wa milango ametukataza kugusa swichi mpaka jioni. Amekwenda kwake, namsikia ng'ambo ya ukuta akimgombeza mteja aliyepima mlango kwa hatua za miguu.

Ilikuwa hivi. Alikuja asubuhi na drili begani. Mpwa alisema tu, "Mjomba, wewe ndiye." Fundi akachora alama kwa chaki, akaniuliza bila kunitazama, "Niifunge palepale ilipo, au unafikiria kuihamisha siku moja?"

Swali la kazi. Angemuuliza hivyo mteja yeyote.

"Palepale," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Mpwa akageuka akaanza kufagia maranda, mahali ambapo alikuwa ameshafagia.

Kabari nilizitoa mimi, kwa nyundo yake ya mti, nikigonga upande ambao yeye hakuwahi kuugonga. Nilitegemea zingekataa. Hazikukataa. Zilikuwa nyepesi, zimelainika kama sabuni iliyotumika. Mpwa alizitia mfukoni mwa aproni, pamoja na penseli. Tulipoinua miguu ya randa kwa mtaimbo, chini ya kila mmoja palikuwa na mraba wa sakafu safi, rangi ya siku tulipokipanga chumba hiki. Fundi alitoboa katikati ya miraba, yote minne. Vumbi lilikuwa la kijivu. Nilikohoa, na nikatumia kikohozi hicho kwa mambo mengine pia.

"Uikalie mzee, isisogee," alisema alipokuwa anakaza nati. Nikaikalia. Mpwa akasema laiti Mama angeniona, ningelipishwa nauli.

Sarafu ya dalali ninayo mimi. Tuliikuta chini ya msumeno tulipofagia. Mpwa anataka mkono wangu ndio uisimamishe, kwa sababu ndio unaotetemeka kuliko yote hapa: ikisimama kwangu, anasema, hakuna atakayebisha.

Nimegusa saruji kwa ncha ya kidole. Imeacha alama, ndogo. Mpwa anauliza ninaandika nini. Nimemwambia majina ya vitu.

Jioni sarafu itasimama au itaanguka, sijui. Hiyo ni bei tu.

Mashimo manne yako sakafuni, na yamejazwa. Sitarudi.