Tangazo lililokatika Makuyuni

Alhamisi, jua limeshazama lakini joto lake bado liko kwenye ukuta wa chumba changu hapa Manundu. Nikiuegemea naona kama naegemea mtu mwenye homa. Sijala. Nimeona niandike kwanza.

Mimi ni karani wa jumuiya ya watumia maji. Kazi ya karani ni kuandika, na niliipenda kwa sababu hiyo, maana kuongea mbele za watu hunikausha mdomo. Leo mwenzetu anayetangaza kwenye gari aliamka hana sauti. Nikapewa maiki.

Ujumbe wenyewe haukuwa mrefu. Tenki limeoshwa kwa dawa kali, na maji yatakayotoka leo ni ya kusafisha mabomba tu. Watu wafungue, wayaache yamwagike, wasinywe wala wasipikie. Fundi wa tenki aliinama dirishani nikiwa nimeshapanda gari. "Mtu mzima yatamchoma koo," alisema. "Mtoto mchanga sitaki hata kufikiria."

Nami sikufikiria kitu kingine njia nzima.

Nilikuwa nimeandika sentensi niliyoiona nzuri: "Ndugu wananchi, maji ya bomba mpaka kesho asubuhi si salama kwa kunywa wala kupikia." Na kabla ya kutoka nilijaribu amplifaya pale uani pa ofisi. Moja, mbili. Iliitika vizuri, nikaridhika.

Tulipoingia Makuyuni tulifunga vioo kwa ajili ya vumbi, nikaanza kusoma. Spika ziko juu ya paa, kwa hiyo mle ndani nilijisikia mwenyewe na kudhani dunia nzima inanisikia. Tulipita vitongoji viwili hivyo. Kisha dereva wetu, Mzee Mhina, akateremsha kioo na kutega sikio.

"Binti, mbona unaongea na mimi peke yangu?"

Nyuma ya kiti, amplifaya ilikuwa imewasha taa nyekundu. Tuliizima, tukaiwasha, sauti ikarudi. Nikasoma tena. Nilipofika "mpaka kesho asubuhi" ikakata. Mara ya tatu ikakata palepale. Mzee Mhina akasema ni joto, hata yeye kwa jua hili angejizima kama angekuwa na swichi. Akaegesha kivulini karibu na bomba la kitongoji, akaanza kuipepea kwa kofia yake.

Hapo ndipo nilipowaona kina mama wakija mbio na ndoo.

Ilinichukua muda kuelewa. Gari letu halijawahi kupita kwa jambo jingine ila kusema maji yanakatwa. Watu wakiliona tu, mkono umeshashika ndoo. Leo wamesikia "maji ya bomba mpaka kesho asubuhi", kisha kimya. Sentensi wakaimalizia wenyewe. Huko tulikotoka, vitongoji vyote viwili, walikuwa wanajaza kila chombo walicho nacho, kwa maelekezo yangu.

Niliteremka. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mgonjwa. "Mama zangu, shikamooni. Maji haya yana dawa. Myamwage."

"Tuyamwage?" aliuliza mama mmoja mnene, ndoo iko kichwani tayari. "Si ninyi mmesema hakuna mpaka kesho? Binti, wewe ni mtu wa wapi unayemwaga maji?"

"Handeni."

Kilizuka kicheko, maana shida ya maji ya Handeni kila mtu anaijua. Mwenzake akapiga makofi. "Jamani, mtu wa Handeni anasema tumwage maji!"

Yule mama hakucheka. Alinitazama usoni, kisha akaishusha ndoo polepole. "Wa Handeni akisema mwaga," aliwaambia wenzake, "basi humu mna jambo." Akaimimina chini.

Nimekulia kwenye nyumba ambako maji ya kuogea yalikuwa yanamaliza kazi yake kwenye mchicha. Kulitamka lile neno, myamwage, kulikuwa kama kutukana mbele ya bibi yangu. Nadhani ile aibu ilionekana usoni, na ndiyo waliyoiamini.

Lakini wa bomba lile walikuwa wachache. Wa nyuma je? Kwa miguu tusingewahi. Ilibidi spika ziseme.

Nilirudi kwenye gari nikajilazimisha kufikiri. Fyuzi nzima. Amplifaya imepepewa, imepoa, na bado inakata. Kwa nini uani haikukata? Nilijaribu kunong'ona kwenye maiki: ikakaa. Nikasema kwa nguvu: taa nyekundu. Basi haikuwa joto. Sauti kubwa inataka umeme mwingi, na mahali fulani ulikuwa haupiti. Na mimi kila nikifika kwenye neno "asubuhi", hofu hunipandisha sauti.

Uani nilikuwa nimejaribu kwa kunong'ona. Niliona haya, sikutaka wenzangu wanisikie.

Nikaufuata waya mweusi wa amplifaya hadi unapofungwa kwenye bodi ya gari. Nati yake ilikuwa ya moto. Gari lilipakwa rangi juzijuzi, na aliyepaka aliufungua ule waya, kisha akaufunga juu ya rangi mbichi. Chuma hakigusi chuma. Mzee Mhina akatoa kisu, tukakwangua mpaka pakang'aa, tukakaza.

"Haya, piga kelele," aliniambia. "Huku hakuna wa kukucheka ila mimi."

Nilipiga. Haikukata.

Tukageuza. Ila kabla ya kusoma niliipindua sentensi. Ndugu wananchi niliwaacha mwisho. Neno la kwanza kutoka kwenye spika lilikuwa "Msinywe." Hata ingekata tena, ingekata ikiwa imeshasema. Tulirudi njia yote, vioo wazi, vumbi mdomoni, na kwenye kila uwanja niliona tope jipya.

Nyumba moja ilikuwa na kufuli. Ndoo mbili zimejazwa na kufunikwa barazani, na kwenye kamba zimeanikwa nguo za mtoto mchanga. Jirani alisema mama mwenye ndoo alijaza upesi akaenda shamba, atarudi jioni.

Maji ya mtu, barazani kwake, hayupo. Nilisimama. Kisha nikazimwaga zote mbili, nikazifunika tena zikiwa tupu, na kumwomba jirani amweleze.

"Nimwambie nani kamwaga?"

"Mwambie mtu wa Handeni."

Amesharudi saa hii. Atakuwa amefunua ndoo, amekuta tupu, na ananisema. Naomba awe ananisema tu, asiwe alibeba mengine ya mtoto kwenda nayo shamba.

Kesho nitasimama katikati ya uani pa ofisi, nishike maiki, nijaribu kwa sauti yangu yote. Wacha wacheke.