Upepo wa Matairi ya Nyuma

Wifi yangu mpenzi,

Mimi mzima, mgongo tu ndio haunipi nafasi. Paa limezibwa.

Jana nilipeleka lile gari kubwa la kaka yako kujazwa upepo. Tangu tumzike nalijaza kama alivyoandika kwa kalamu kwenye mlango wa dereva: mbele thelathini na tano, nyuma arobaini na mbili. Linanirusha kama punda mkorofi.

Fundi wa matairi akacheka. "Mama, hiyo ya nyuma ni ya gari lililojaa. Unabeba nani?"

"Sibebi mtu."

Akasema taratibu, "Basi tushushe, nyuma ilingane na mbele."

Nilisita, wifi, mwishowe nikakubali. Gari lilitulia barabarani, nami nikalia njia nzima.

Maandishi yake sikuyafuta. Njoo na watoto, gari lijae, tuyafuate tena.

Ni mimi, bado wifi yako.