Siku Mama Jaspal Alipoongea Kibukusu

Ijumaa asubuhi, Kitale. Baridi ya kuvaa sweta juu ya sweta. Ukungu umefunika mlima wote, na mimi pia leo nisingependa kuonekana na mtu.

Nina wivu. Nimeliandika neno lenyewe mapema, kabla sijaanza kulizungukazunguka.

Jana ulikuwa mkutano wa kila mwaka wa sisi tunaofundisha na kuandika historia ya uchumi na biashara. Kwa kawaida hufanyika katika miji mikubwa, nami husoma habari zake kwenye simu nikiwa kitandani. Mwaka huu wakauleta Bungoma, na kwa mara ya kwanza makala yangu yakakubaliwa. Mimi ni mwalimu wa historia katika chuo kidogo hapa Kitale, madarasa ya jioni hasa. Barua pepe ile ilipokuja nilienda moja kwa moja kwa fundi kushonewa nguo.

Makala yenyewe yanahusu duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Wasikh hapa mjini. Mwenye duka sasa ni mjane, Mama Jaspal. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda kwake Jumamosi, wateja wanapopungua. Ananipa kiti nyuma ya kaunta, kati ya misumari na makopo ya rangi, ananimiminia chai ya tangawizi, ananieleza jinsi marehemu mumewe alivyolianzisha duka lile.

Nikamwalika Bungoma aje anisikilize. Nilijiambia ni heshima tu. Nilitaka watu wamwone mtu mwenye historia hii.

Hapana. Nilitaka waone kwamba ni wangu.

Sasa, Nanjala. Tulisoma naye shahada ya pili, tukakaa chumba kimoja hosteli, tukapika ugali kwa siri kwenye koili iliyokatazwa. Yeye ni Mbukusu wa Kabuchai, kwao ni wakulima wa miwa. Siku hizi anafundisha ng'ambo, ameandika kitabu kuhusu viwanda vidogo vya sukari nguru, na jana yeye ndiye aliyekuwa mzungumzaji mkuu. Picha yake ilikuwa kwenye bango mlangoni mwa ukumbi. Jina langu lilikuwa kwenye ratiba, ukurasa wa mwisho, na walikuwa wamelikosea: Lirian badala ya Lilian.

Alipopanda jukwaani niliomba moyoni azungumze vibaya. Sijivunii jambo hilo. Lakini niliomba.

Alizungumza vizuri mno. Aliwafanya maprofesa wacheke, kisha akawanyamazisha kwa habari ya nyanya yake aliyekuwa akichemsha maji ya miwa usiku kucha, macho yamewiva kwa moshi. Mama Jaspal, kando yangu, alipiga makofi mpaka bangili zake zikalia. Mimi nilipiga kwa vidole tu.

Wakati wa chai Nanjala akaja mbio kunikumbatia. "Lilian wangu! Wewe huzeeki, bana?" Halafu akamgeukia Mama Jaspal, na kwa ule mzaha wake wa kusalimia kila mtu mzima Kibukusu, akasema, "Mulembe, mayi."

Mama Jaspal akajibu.

Na si neno moja la kuitikia salamu. Alijibu Kibukusu kirefu, chenye mizaha ndani, maana Nanjala aliweka kikombe chini akashika kifua kwa kicheko. Mimi nimezaliwa Kitale, baba Mkamba, mama Mnandi, nyumbani tuliongea Kiswahili. Kibukusu changu kinaishia kwenye salamu. Nilisimama pale na andazi mkononi, nikitabasamu kama mtu aliyekosea matanga.

Neno moja tu nililishika, likirudiwarudiwa: Myanga.

"Ati alikulia Myanga, hapa hapa Bungoma!" Nanjala akaniambia, macho yamemjaa machozi ya kicheko. "Baba yake alikuwa na duka sokoni pale. Lilian, si ungeniambia!"

Sikumwambia kwa sababu sikujua. Nikacheka, kama mtu aliyejua siku zote.

Wakakaa. Mama Jaspal akamshika Nanjala mkono na hakuuachilia. Alimwonyesha kwa vidole jinsi wanawake walivyopukuchua mahindi mbele ya duka la baba yake. Aliigiza sauti ya mtu fulani, mzee mkali, na wote wawili wakaangua kicheko tena. Sijawahi kumwona hivyo. Kwangu mimi husimulia akiwa amenyooka, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Na mkono wangu hajawahi kuushika.

Chakula cha mchana sikukila. Nilipomwona Nanjala akinijia tena nilijua anachotaka. "Nipe namba yake," akasema. "Kabla sijarudi nimsikilize vizuri. Huyu mama ni hazina."

"Amechoka," nikamjibu. "Unajua umri. Wacha nimpeleke akapumzike."

Uongo mtupu. Mama Jaspal alikuwa anakula kuku kwa mikono miwili.

Nikamshika kiwiko nikamtoa nje. Alinifuata bila swali, akidhani tunaelekea chumba nitakachosomea makala yangu. Alipoona gari langu akasimama.

"Lilian, tunaenda wapi? Kazi yako hujasoma."

"Nilifikiri umechoka, Mama."

"Nani amesema mimi nimechoka?"

Nikafungua mlango wa gari. Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayerudisha rangi iliyokwisha kufunguliwa.

"Wewe iko na wivu?"

"Hapana, Mama."

"Basi mbona unanivuta kama mbuzi?"

Hapo nikashindwa kujizuia. Nililia, si kwa huzuni, kwa hasira, pale pale kwenye maegesho ya magari, na walinzi wanaangalia. Nikamwambia, "Miaka yote hiyo, Mama. Hukuniambia unajua Kibukusu. Hukuniambia Myanga. Leo umemwona Nanjala, hata chai haijapoa, umemwambia yote."

Hakukasirika. Alijibu kama anayetaja bei ya simiti. "Wewe uliuliza Mzee alianza duka lini. Mzee alitoa mabati wapi. Mimi nikajibu. Hukuuliza mimi nilikuwa wapi kabla ya Mzee."

"Na yeye alikuuliza?"

"Hapana. Yeye alinisalimia tu."

Kisha akaongeza, polepole, akiangalia barabara na wala si mimi: "Wateja wangu wengi ni Wabukusu. Wanaingia dukani, wanaona Mhindi, wanaongea Kiswahili. Na mimi naona aibu kuanza. Sasa nani ataanza?"

Nilitamani kumwambia pole. Nilichosema ni, "Twende ndani, Mama."

Chumba changu kilikuwa nyuma ya jikoni. Wasikilizaji wachache, wawili wao wamelala kwa shibe, harufu ya vitunguu imejaa, projekta inakataa kuwaka. Mstari wa mbele alikuwa amekaa Nanjala. Mzungumzaji mkuu, ambaye angeweza kuwa popote, amekuja kunisikiliza mimi, na kalamu yake tayari. Ingekuwa rahisi kwangu kama asingekuja. Mama Jaspal akaenda kuketi kando yake, si kiti cha nyuma nilichomtengea.

Nikasoma. Sentensi nilizozipenda wiki nzima zilinitoka mdomoni zikiwa kavu. Mume wake alifanya hivi, mume wake aliamua vile. Mama Jaspal alinisikiliza kwa adabu, mikono mapajani. Nilipofika karibu na mwisho nikaziweka karatasi mezani.

"Makala haya hayajakamilika," nikasema. "Mwenye duka yuko hapa ndani. Leo ndiyo nimejua kwamba kabla ya kuolewa alikulia nyuma ya kaunta nyingine, Myanga. Sikujua kwa sababu sikumuuliza. Nitayaandika upya."

Hata wale wawili waliamka. Mwenyekiti wa kikao, profesa mwenye haraka aliyekuwa akitazama saa, sasa akainama mbele. Akamwomba Mama Jaspal, kwa heshima kubwa, awaeleze kidogo juu ya duka hilo la Myanga.

Mama Jaspal akasimama. Akarekebisha mtandio wake. Nanjala alikuwa ameshafungua simu kurekodi.

"Hiyo," akasema, "nitaambia Lilian kwanza."

Akakaa.

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi sikucheka. Niliinama nikajifanya kupanga karatasi, maana uso wangu ulikuwa haunitii. Halafu, nakiri, niliinua macho nikamwangalia Nanjala aone kwamba nimesikia. Alikuwa anatabasamu, tabasamu safi kabisa, amefurahi kwa ajili yangu. Hilo nalo likaniudhi. Mtu anatakiwa awe na kasoro walau moja.

Tukarudi jioni, jua linashuka kwenye mahindi ya Kamukuywa. Mama Jaspal alitazama nje mpaka Kiminini. Hapo akasema anataka kwenda Myanga Jumamosi, aone kama jengo la baba yake bado limesimama. Nikamwambia nitampeleka, moyo wangu umejaa kama mtoto aliyechaguliwa.

"Na umwambie Nanjala aje," akasema.

Nikabadilisha gia bila sababu.

"Wewe utaandika," akasema. "Lakini mimi nataka mtu wa kucheka na mimi kwa hiyo lugha. Myanga haitakuwa Myanga kama nitaongea Kiswahili tu."

Nilitafuta visingizio. Barabara mbovu. Gari dogo. Nanjala ana ndege ya kupanda Jumapili. Vyote nilivyofikiria vilikuwa visingizio vya jana mchana vilivyovalishwa nguo nyingine, kwa hiyo nikaviacha. Mlangoni mwake, kabla ya kushuka, alinipigapiga bega mara mbili, akaingia ndani. Nimekuwa nikilifikiria bega hilo tangu jana kama mjinga.

Asubuhi hii nimekaa na simu mezani, chai inapoa, ninaandika ujumbe na kuufuta. Nilijaribu kuuandika ili akatae: kwamba ni mbali, kwamba pengine hatakuwa na nafasi. Nikafuta. Nikaandika kwamba kesho tunaenda Myanga, kwamba Mama Jaspal amemwomba aje. Nikasoma tena. Nikaongeza kwamba na mimi nimemwomba. Sehemu hiyo bado si kweli, lakini ninaifanyia kazi.

Nikatuma.

Akajibu kabla sijaweka simu chini: "Weeee! Nakuja! Mtanipata Bungoma stendi asubuhi. Nikae mbele ama nyuma?"

Nimemwandikia: nyuma. Mbele ni pa Mama.